Naomba ushauri: mbolea ya DAP au unga wa mawe ya fosfeti ya Minjingu kwa udongo wa pH 7.4?

Habari wakuu. Nina heka moja na nusu Usa River, nataka kupanda mahindi masika haya. Majibu ya udongo yametoka: fosforasi iko chini, pH (kipimo cha asidi) ni 7.4, yaani udongo hauna asidi. DAP naijua, ukiitia kwenye ndoo ya maji sehemu kubwa inayeyuka, na ina fosfeti asilimia 46. Ila bei sasa, mh! Jirani ananiambia nitumie unga wa mawe ya Minjingu. Shida ni kwamba mawe hayo hayayeyuki kwenye maji, yanataka udongo wenye asidi, na kwangu asidi hakuna. Nikiuchanganya na samadi ikaoza pamoja nao, mahindi ya msimu huu yatafaidi? Au nijikaze ninunue DAP, niweke kidogo kidogo kwenye mashimo? Aliyejaribu udongo wa huku anijuze.