Mama wa Ukerewe, siku sita Ufini: Tampere, Kuopio au Savonlinna?

Msukuma_Hamburg
Wakuu, habari za humu. Mama yangu anakuja Julai kunitembelea hapa Ujerumani, ana miaka 68. Ni mzaliwa wa Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, na alipokuja mara ya kwanza alilalamika wiki nzima kwamba Ulaya "hakuna ziwa, kuna madimbwi". Nimeapa safari hii namfunga mdomo. Tuna siku sita: mimi, mke, mtoto wa miaka saba na mama. Miji niliyoichuja ni hiyo mitatu. Halafu kuna ugomvi wa ndani: mke anataka ndege mpaka Helsinki kisha treni, mimi nataka tupakie gari letu kwenye meli ya kutoka bandari ya Travemünde hadi Helsinki. Visa ya mama ni ya Ujerumani.

Nesi_Tampere
Kaka, mpe mama shikamoo yangu. Kwa umri wake na siku sita, nendeni Tampere, na sisemi hivyo kwa kuwa naishi huku. Haya, kidogo kwa kuwa naishi huku.

Stesheni iko chini ya uwanja wa ndege wa Helsinki wenyewe, pale Vantaa. Mnapanda treni ya mjini hadi Tikkurila, kama dakika kumi, mnabadilisha, mnapanda ya VR, shirika la reli la Ufini. Haziishi saa mbili mmeshashuka katikati ya Tampere. Treni za InterCity zina kichumba cha watoto kuchezea, kwa hiyo mjukuu hatamkalia bibi kichwani. Tiketi nunueni mapema, maana bei inapanda kama ya ndege.

Mji umekaa kwenye kipande chembamba cha nchi kavu kati ya maziwa mawili, Näsijärvi kaskazini na Pyhäjärvi kusini. La kaskazini liko juu kwa mita 18, kwa hiyo maji yanaporomoka katikati ya mji kuelekea la pili. Maporomoko hayo ndiyo Tammerkoski, na ndiyo yaliyomvuta Mskoti mmoja, James Finlayson, aliyeanzisha kiwanda chake hapo 1820. Kikaja kuwa kiwanda kikubwa cha pamba, na 1882 taa za umeme zikawaka ndani yake, za kwanza katika nchi za kaskazini huku. Leo kwenye matofali yale mekundu kuna migahawa na sinema.

Mtoto mpelekeni Särkänniemi kwenye mabembea. Hapohapo kuna mnara wa Näsinneula, mita 168, na mgahawa wa juu unazunguka taratibu: mama akimaliza kula atakuwa ameyaona maziwa yote mawili bila kunyanyuka. Miguu ikichoka kuna tramu, mnagusisha kadi ya benki tu.

Na msimfiche: Tampere na Mwanza ni miji dada.

Mkaanga_Dagaa
Dada Nesi anauza kwao, lakini Tampere ni mji wa viwanda uliobahatika kupata maji. Mimi nimesoma Kuopio miaka miwili. Kule maji ndiyo yenye mji. Ukipanda mnara wa Puijo, mita 75 na uko juu ya kilima tayari, ziwa la Kallavesi limetapakaa pande zote na visiwa vyake vyenye misitu mpaka macho yanachoka. Nilipouona mara ya kwanza nilinyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza.

Sokoni kuna samaki anaitwa muikku. Wakuu, huyo ni dagaa aliyekula akashiba. Wanamviringisha kwenye unga wa rai, wanamkaanga kwa siagi, unamla na miiba yake. Mama wa Ukerewe atadhani yuko kwake.

Ubaya wake ni treni: kutoka Helsinki inazidi saa nne. Ndege ya ndani ipo, karibu saa moja angani, ila mfuko utalia.

Swaleh_Likoni
Nyongeza kwa sisi Waislamu na kwa yeyote asiyegusa nguruwe. Mustamakkara wanayoisifia Tampere ni soseji ya damu ya nguruwe. Kalakukko ya Kuopio, ule mkate wa rai wenye samaki ndani, huokwa na mafuta ya nguruwe. Watu huona samaki wakaamini. Uliza kwanza.

Savonlinna nimefika. Ngome ya Olavinlinna, iliyoanzwa kujengwa 1475, imesimama juu ya mwamba ndani ya maji, na ziwa lenyewe, Saimaa, lina visiwa zaidi ya elfu kumi na tatu. Lakini Julai ndiyo msimu wa tamasha la opera humohumo ngomeni. Vyumba vinakwisha, vilivyobaki bei yake ni ya kukufanya uombe dua. Na treni lazima ubadilishe Parikkala. Mimi ningeiacha.

Baharia_Mstaafu
Kuhusu meli: Travemünde hadi Helsinki ni kama saa 30. Kwenda na kurudi ni saa 60, nawe una saa 144 tu. Kama mama alishapanda MV Victoria kwenda Bukoba ataifurahia, ila likizo yenu itaishia bahari ya Baltiki. Mkeo ana haki. Visa msihofu, ya Ujerumani inaingia Ufini maadamu tarehe na siku hazijaisha.

Msukuma_Hamburg
Asanteni sana. Meli nimeiachia, mke kanicheka. Sasa sauna. Nasikia watu huingia uchi. Mama na mkwewe chumba kimoja? Kwetu hilo halisemeki hata gizani.

Nesi_Tampere
Nilikuwa nangoja uulize! Rajaportti, ya tangu 1906, ndiyo sauna ya umma kongwe kuliko zote zinazofanya kazi Ufini. Wanawake kwao, wanaume kwao, lakini ndani ni uchi, kwa hiyo mkeo na mama wasiende siku moja. Rauhaniemi, ufukweni mwa Näsijärvi, wote huchanganyika na wamevaa nguo za kuogelea. Mama akitaka avae fulana ndefu juu yake, aulize kwanza mlangoni. Au mkodi nyumba yenye sauna, zimejaa, mkaingia kwa zamu: mama kwanza, mkwe baadaye, nyie wanaume mwisho. Akae benchi la chini, juu joto ni kali.

Na muikku wapo Tampere pia, kwenye soko la ndani la Kauppahalli.

Mkaanga_Dagaa
Wapo, ila wamesafiri.

Msukuma_Hamburg
Nimempigia mama. Tampere imepita. Nikamwambia saa tano usiku jua ndiyo linazama, akasema sawa. Nikamwambia Saimaa yote haifiki hata sehemu ya kumi ya Victoria, akasema alijua. Kisha akauliza: huko mgeni anaruhusiwa kutega wavu?

Nesi_Tampere
Wavu una kibali chake. Fimbo, uzi na ndoana ni bure kwa kila mtu, isipokuwa pale kwenye maporomoko ya Tammerkoski.

Msukuma_Hamburg
Anasema atabeba ndoana zake.