.308: vichwa vya risasi haviingii kwa kina kimoja, tatizo ni dai (kifaa cha presi kinachosukuma kichwa ndani ya ganda) au maganda?

Mlenga_TX: Wakuu, najaza upya risasi za bunduki za .308 Winchester za shabaha kwa presi ya mkono, vichwa vyenye tundu nchani. Dai sijaigusa, ila vernia (kipimio cha urefu) inasoma urefu wa risasi nzima kuanzia inchi 2.792 hadi 2.806. Maganda yameshapigwa mara nne, hayajawahi kupashwa moto ili kulainisha shaba. Nianzie wapi?

Kobe308: Unapima hadi nchani? Basi unapima kasoro ya kiwandani. Kisukumio cha dai hakigusi ncha, kinashika mviringo ulio chini yake. Ncha za vichwa hivyo hazilingani, na tofauti ya inchi 0.010 si ajabu. Funga komparata (kipande kinachoshika mviringo badala ya ncha) kwenye vernia, pima toka kitako cha ganda hadi kwenye mviringo.

Mlenga_TX: Komparata imepunguza, lakini bado kuna tofauti ya 0.006. Na baadhi ya vichwa vinatoka na alama ya pete.

Shaba_na_Baruti: Hiyo pete ndiyo jibu lenyewe: kisukumio kinauma kichwa kwa sababu shingo ya ganda inabana mno, au umbo la kisukumio si la kichwa hicho. Kitoe, kisafishe nta na vumbi la shaba, kisha tumbukiza kichwa ndani. Ncha ikigonga juu kabla mviringo haujashika, agiza kisukumio cha vichwa virefu.

Halafu shingo. Shaba iliyopigwa mara kadhaa inakuwa ngumu, na kila ganda linajitanua kivyake baada ya kupita kwenye dai ya kurudishia saizi. Mkono utakwambia: wenzo mmoja unashuka laini, mwingine unakwama kisha unaruka. Pasha moto shingo na bega tu. Kitako kikilainika ganda linaweza kupasuka. Rudisha ganda kwenye saizi, shingo ibane kwa inchi 0.002 hadi 0.003, kata makali ya mdomo kwa ndani, pitisha brashi yenye unga wa grafiti. Kama unaosha maganda kwa pini za chuma, grafiti usiiache, shingo zinatoka kavu mno.

Kobe308: Naongezea: ukisikia baruti ikisagika wakati wa kusukuma, imejaa hadi chini ya kichwa, nacho kinapanda taratibu. Pima tena baada ya saa moja. Na usiteremshe kisukumio ili kufupisha risasi ndefu. Vichwa vya zile fupi vitazama zaidi, nafasi ya baruti inapungua na shinikizo linapanda. Kichwa kilichozama kupita kipimo, king'oe kwa nyundo maalumu ya kung'olea vichwa.