Nataka pointi yetu: Starfleet ni jeshi, acheni kudanganya watu

Wakuu, habari za Jumapili. Usiku mzima sijalala, ndiyo maana naandika. Mods, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa tamthilia, hili jambo linajitegemea.

Jana hapa Dodoma kulikuwa na shindano la maswali kwa sisi wapenzi wa Star Trek, zile tamthilia za Kimarekani za safari za anga. Waandaaji siwataji, wanajijua. Kiingilio elfu tano kwa kichwa. Mimi na wenzangu wawili tumetoka Kongwa alfajiri, tumesimama Mbande zaidi ya saa nzima kungoja gari, tumefika na vumbi hadi kwenye nyusi. Tukapambana mpaka swali la mwisho. Swali lenyewe: kweli au si kweli, Starfleet, ile taasisi yenye meli za anga kwenye tamthilia hizo, ni jeshi. Tukaandika kweli. Tukapewa kosa. Walioshinda wametuzidi pointi moja, hiyohiyo.

Tulikata rufaa palepale. Mratibu akashika kipaza sauti, akasema Picard mwenyewe, kapteni wa meli ya Enterprise, alishatamka kwamba Starfleet si jeshi, kazi yake ni kuchunguza anga. Kisha akaniongezea, mbele ya ukumbi mzima, kwamba mimi nimepita kambi ya JKT Makutupora kwa hiyo naona jeshi kila mahali. Watu wakacheka.

Ndiyo, nimepita Makutupora kwa mujibu wa sheria. Na kwa kuwa nimepita, najua ninachokisema.

Tuanze na huyo Picard. Maneno yale aliyasema kweli, katika kipindi cha mwaka 1989. Lakini wakuu, kumbukeni kipindi kile kilihusu nini. Mazoezi ya vita! Meli mbili za Starfleet zinawindana, ofisa mmoja anapewa meli mbovu apambane na kapteni wake, kisa wameshaona Wabogi, maadui wa kutoka anga za mbali, wanakuja na wamejua hawako tayari. Mtu anasimama katikati ya zoezi la kivita anasema sisi si jeshi, na nyie mnachukua sentensi yake mnaifanya msahafu. Mnatakiwa muangalie anachofanya, si anachosema.

Sasa Makutupora. Kwa muda wote niliokaa pale, siku nilizoshika bunduki nazihesabu kwa vidole. Jembe nililishika karibu kila siku. Tulilima, tulifyeka, tulibeba tofali, tulichota maji. Aliyekuwa anapita barabara ya Kondoa angetuona akasema hawa ni wakulima. Lakini filimbi ikilia usiku wa manane hakuna aliyeuliza kuna nini, kwa sababu mkulima anaweza kukataa kuamka na kuruta hawezi. JKT limeanzishwa 1963, kazi yake ya kila siku ni kulima, kujenga na kulea vijana. Amin alipovamia Kagera mwaka 1978, vijana wa JKT walikwenda mbele pamoja na JWTZ, polisi na mgambo. Hakuna aliyewaambia nyie bakini shambani, nyie ni wajenga taifa. Jeshi hulijui kwa kifaa lilichoshika leo. Unalijua siku adui akiingia, unapoona nani anaamriwa aende na hana ruhusa ya kusema siendi.

Jaji mmoja, huyu angalau aliongea kwa heshima, alisema tatizo ni Kiswahili. Kwamba sisi tuna Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza, mpaka Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa hiyo kwetu kila mwenye sare ni jeshi, na swali lilimaanisha jeshi la vita. Hoja hiyo naiheshimu. Haya, tuliache neno, tuangalie matendo.

Katika kipindi cha mwaka 1967, Kirk, kapteni wa tamthilia ya mwanzo kabisa, alipotuhumiwa kusababisha kifo cha ofisa wake, alipelekwa mahakama ya kijeshi. Mtafiti wa chuo akiharibu utafiti anafukuzwa kazi, hasimamishwi mbele ya maofisa waliovaa nishani. Mwaka huohuo, katika kipindi kingine, Kirk anamwagiza Scotty, injinia wake, atekeleze Amri Kuu namba 24. Mnaijua hiyo amri? Ni kuteketeza sayari nzima. Haikuwa hasira ya Kirk tu. Ipo kwenye kanuni zao, ina namba, na Scotty aliipokea bila kuuliza maana yake kwa sababu anaijua. Nitajieni taasisi moja ya utafiti duniani yenye kifungu cha namna hiyo.

Mtasema vyeo peke yake havithibitishi kitu. Nakubali kabisa. Marekani wana idara yao ya bahari na hali ya hewa, NOAA, ina maofisa wenye sare na vyeo vya kimanowari, na hawahesabiwi kuwa jeshi. Lakini meli za NOAA hazibebi makombora. Enterprise inabeba. Na meli ya Defiant je, ile ya kwenye Deep Space Nine, tamthilia nyingine ya Star Trek? Iliundwa kwa ajili ya kupigana na Wabogi, mizinga mbele, ndani hamna nafasi hata ya kugeuka, halafu kwenye makaratasi wakaiandikisha kuwa meli ya kusindikiza. Kusindikiza nani? Huo ndio mchezo wao, kubadilisha jina la kitu ili dhamiri itulie.

Hoja yao nzito ilikuwa moja tu, na sitaikwepa. Katika ile tamthilia ya Kapteni Archer, inayosimulia miaka ya mwanzo ya Starfleet, msimu wa tatu, wanapandishwa makomando wa MACO melini, na mle inaonekana wazi kwamba wao ndio jeshi na Starfleet ni kitu kingine. Ni kweli. Kwa wakati wa Archer ningeandika si kweli na ningekubali. Lakini Shirikisho la sayari lilipoundwa wale makomando walivunjwa. Miaka 200 baadaye, kwenye vita na dola adui ya Dominion, nani yuko kwenye mahandaki ya sayari ya AR-558 anakufa mmojammoja akilinda mtambo wa mawasiliano? Ni Starfleet. Kijana wao Nog alipoteza mguu pale. Ile kazi ya makomando haikupotea, Starfleet waliimeza.

Na sisi watu wa Ugogo ndio wa mwisho duniani tunaopaswa kudanganyika na neno "mvumbuzi". Mwaka 1857 Burton na Speke walipita nchi hii wakitafuta maziwa. Walikuwa wametumwa na chama cha jiografia cha London, kazi yao kupima, kuchora ramani, kuandika. Watafiti, siyo? Wote wawili walikuwa maofisa wa jeshi la Kampuni ya India Mashariki, na msafara wao ulikuwa na bunduki. Watemi wa Kigogo hawakuhangaika na cheti cha chama cha jiografia. Waliona bunduki wakadai hongo, lipa ndipo upite. Walikuwa sahihi. Kuchunguza nchi na kuwa askari ni mambo yaliyotembea pamoja tangu zamani, hayajawahi kugombana.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma, maana kuna mtu jana aliniambia "ni tamthilia tu, tulia". Siwezi kutulia, kwa sababu ndani ya hadithi yenyewe uongo huu umeua watu.

Enterprise ya Picard ilikuwa na watu 1,014. Humo kuna wake, waume na watoto wa chekechea. Kwa nini? Kwa sababu wamejiaminisha kwamba wao ni wachunguzi, kwa hiyo ni sawa kuhamia kazini na familia. Meli ile iliweza kujigawa ili sehemu ya familia ibaki nyuma ya mapambano, na walifanya hivyo mara za kuhesabika tu. Siku nyingine zote watoto walipelekwa vitani wakiwa madarasani.

Halafu njooni kwenye mapigano na Wabogi pale Wolf 359. Meli 39 za Starfleet zimekwisha, karibu watu 11,000 wamekufa. Katika meli moja, Saratoga, yuko ofisa Sisko na mkewe Jennifer na mtoto wao Jake. Meli inaungua, Jennifer yuko chini ya vifusi ameshakata roho, na Sisko anavutwa kwa nguvu aondoke amwache pale. Nimeliangalia tukio lile mara nyingi na sijawahi kumaliza nikiwa mkavu. Jennifer hakuwa askari. Nani alimpandisha kwenye meli ya kivita? Ni hao wanaosema si meli ya kivita. Wangekuwa na ujasiri wa kujiita jeshi, wangetenga kambi na nyumbani kama majeshi mengine yote yanavyofanya, na yule mama angekuwa hai anamlea mwanawe.

Ndiyo maana niliandika kweli, na kesho mkiniuliza tena nitaandika kweli.

Mratibu, fomu ya usajili unayo na namba yangu imo. Karatasi za majibu umebaki nazo wewe. Chagua moja: swali lile lifutwe, au tupewe pointi yetu tuwe sare, kisha liulizwe swali jingine moja la kuamua. Wenzangu wako tayari, Jumamosi ijayo tunarudi kwa nauli yetu wenyewe. Na yale maneno ya Makutupora uyafute kwenye kipaza sauti kilekile ulichoyasemea.