Nilitoboa siri ya jirani yangu wa soko, nifanye nini?

Mama Sambaza, Bukavu
Bandugu Yesu asifiwe. Niko nauzisha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, ku soko ya Kadutu. Juma iliyopita nilimwambia dada mumoja shida ya nyumbani ya jirani yangu wa meza, nikasema eti tumuombee tu, kumbe jioni ilikuwa haijafika soko mzima inajua, na mpaka leo jirani haniongeleshi. Mungu nimemuomba musamaha lakini jirani bado sijamuomba, naona haya sana.

Papa Ibanda
Pole mama. Ile ya kufunika masengenyo na "tumuombee" inatuharibia sana vyumba vya maombi. Yakobo sura ya 3 anasema ulimi ni kama usukani mudogo wenye kugeuza meli kubwa, tena ni moto kidogo unaounguza pori yote, na sisi wa kando ya Kivu mashua tunazijua. Soma Mathayo 5:23-24, sadaka inangoja, kwanza upatane na ndugu. Enda wewe mwenyewe, usitume mutu.

Dada wa Goma
Na ukifika usianze kujitetea eh, sema tu nilikosa. Kisha rudia kwa yule dada umwambie haikuwa neno yako ya kusema. Mi Zaburi 141:3 naiomba kila asubuhi mbele ya kutoka, Mungu aweke mulinzi ku kinywa changu, inanisaidia sana.

Mama Sambaza
Aksanti sana. Kesho nitaenda mapema, mbele bateja hawajafika.