Fizi kuzunguka implanti: probu inaingia mm 5 na damu inatoka. Niandike nini?

mswaki_laini, Nairobi
Wakuu, naomba msaada. Mgonjwa ana implanti (skrubu ya chuma ndani ya mfupa inayobeba jino bandia) ya gego la chini kulia. Taji, yaani jino bandia lililo juu yake, lina miaka 5, lilifungwa kliniki nyingine, na hana picha wala vipimo vya zamani. Haumwi. Fizi ni nyekundu kidogo upande wa shavu, probu (kijiti chembamba cha kupimia kina cha fizi) inaingia mm 5 sehemu mbili, damu inatoka, usaha sijauona. Je, mfupa tayari unaliwa? Na ni kweli probu ya chuma hairuhusiwi?

fizi_imara
Daktari, mm 5 peke yake haitoshi kuhukumu. Kwenye jino, nyuzi za fizi zimejikita kwenye mzizi na kuizuia probu. Kwenye implanti hupita sambamba na chuma bila kujishikiza, kwa hiyo probu huteremka zaidi hata fizi ikiwa nzima.

Uzito wa mkono ndio unaoharibu vipimo vingi. Unatakiwa usizidi kama gramu 25. Bonyeza ncha ya probu kwenye mizani ndogo ya kidijitali mpaka isome 25, urudie hadi mkono uzoee. Kisha pima sehemu 6, tatu upande wa shavu na tatu upande wa ulimi, usubiri nusu dakika. Nukta moja ya damu huenda ni jeraha la probu. Damu inayotambaa kwenye ukingo wa fizi ni uvimbe wa kweli. Usaha utafute kwa kidole: kandamiza fizi kutoka chini kuelekea taji.

Chuma hakijakatazwa. Plastiki inapendwa kwa sababu hupinda kufuata umbo la taji.

eksirei_safi
Piga eksirei ya sehemu hiyo, mwali ukiipiga implanti kwa pembe ya nyuzi 90. Hesi (mizunguko ya skrubu ya implanti) zionekane kali pande zote mbili; zikiwa na ukungu, rudia, maana kipimo cha mfupa kitakudanganya. Na kumbuka picha hiyo haionyeshi mfupa wa upande wa shavu wala wa ulimi.

Pasipo kumbukumbu za zamani, ili useme ni peri-implantaiti (uvimbe unaokula mfupa), uainishaji wa 2018 wa magonjwa ya fizi na implanti unadai mambo matatu kwa pamoja: damu au usaha, kina cha mm 6 au zaidi, na mfupa ulioshuka mm 3 au zaidi kutoka ukingo wa juu wa sehemu ya implanti inayokaa ndani ya mfupa.

mswaki_laini, Nairobi
Asanteni sana. Picha imetoka: mfupa umeshuka kama mm 1.5, hesi ziko wazi. Ila taji ni nene, upande wa ulimi probu inagonga porseleni.

fizi_imara
Basi andika mukositi (uvimbe wa fizi tu kuzunguka implanti), ambayo hutibika mfupa ukiwa bado salama. Ila kipimo cha upande wa ulimi usikiamini kabla ya kutoa taji, kama limefungwa kwa skrubu. Kama limegandishwa kwa simenti, tafuta mabaki yake chini ya fizi, maana hushika ukoga na mswaki haufiki. Taji linalocheza lisikutishe haraka, huenda ni skrubu imelegea. Implanti yenyewe ikicheza, imeshaachana na mfupa.

Safisha, mpe brashi ya katikati ya meno inayopita chini ya taji, muulize kuhusu sigara na kisukari, umpime tena baada ya miezi 2 hadi 3. Namba za leo zote 6 na picha viingie kwenye faili, na nakala apewe mgonjwa.