Mteja wa Marekani ametozwa kodi kwa mfuko lakini si kwa kofia: je, nadaiwa chochote?

Bi. Kofia, Langoni, Lamu

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni mshonaji wa kofia za vito, yaani zenye vitobo vilivyodariziwa, hapa Langoni. Pamoja na wanawake wenzangu watano twauza kofia hizo, na mifuko tunayoishona kwa matanga makuukuu ya majahazi, kupitia soko moja la mtandaoni la kimataifa. Kofia moja yaweza kukaa mkononi miezi miwili au zaidi, kwa kuwa kila kitobo huzungushiwa uzi kwa sindano kimoja kimoja, na kwa hiyo kila senti inayoonekana kwenye risiti yatuhusu.

Mwezi uliopita mteja wa New Jersey alinunua mfuko wa dola 80 na kofia ya dola 120, bei ambazo tayari zina gharama ya kutuma ndani yake. Siku mbili baadaye aliniandikia kwa ukali kwamba nimempandishia bei, kwa sababu kadi yake ilikatwa dola 205.30. Nilimwomba anitumie picha ya risiti, nikaona kwa chini pameandikwa kodi ya mauzo, dola 5.30. Fedha hizo hazikuingia kwangu. Nilipopiga hesabu nikakuta ni asilimia 6.625 ya bei ya mfuko peke yake, na kofia, ambayo ndiyo ghali zaidi, haikutozwa hata senti.

Naomba mnieleze kodi hiyo yaenda wapi, na kwa nini mfuko utozwe na kofia iachwe. Tena nataka kujua kama kuna siku serikali ya huko itanidai mimi niliyeketi Lamu. Kijana mmoja anayetengeneza tovuti ametushauri tulihame soko hilo, tufungue tovuti yetu wenyewe ili tuepukane na kodi kabisa. Wenzangu wameanza kumkubali. Mimi nasita, kwa sababu akaunti iko kwa jina langu, na likitokea kosa nitakayeulizwa ni mimi.

Mpwa wa Mkomani, New Jersey

Waalaykum salaam, Bi. Mimi ni mzaliwa wa Mkomani, na kwa miaka mingi nimekuwa na duka dogo la udi, ubani na vyetezo katika jimbo hilohilo la mteja wako. Kwanza ondoa hofu: hizo dola 5.30 ni za jimbo la New Jersey. Soko la mtandaoni lilizikusanya kutoka kwa mnunuzi na ndilo linaloziwasilisha, kwa sababu sheria za majimbo yanayotoza kodi ya mauzo sasa hulihesabu soko lenyewe kuwa ndilo mkusanyaji kwa bidhaa zote zinazouzwa humo, awe muuzaji ni wa Lamu au wa Chicago. Wewe hudaiwi wala hukumpandishia mtu bei. Mwandikie mteja hivyo, kwa upole, kwani yamkini hajui kwamba angelilipa kodi hiyohiyo kwa mfuko kama huo dukani mtaani kwake.

Kuhusu kofia, New Jersey haitozi kodi mavazi ya kawaida, na kofia ni vazi. Mfuko wa mkononi huhesabiwa kuwa ni pambo la kuandamana na nguo, na mapambo hutozwa. Ukiona ni ajabu, hauko peke yako. Jaji Mkuu wa Marekani, John Roberts, alitoa mfano wa jimbo hilihili kuonyesha ugumu wa jambo: nyuzi zinazonunuliwa kwa ajili ya kufuma sweta hazitozwi kodi, lakini nyuzi hizohizo zikinunuliwa kwa kazi ya sanaa hutozwa. Sasa mfikirie mshonaji anayetakiwa kuzijua kanuni za namna hiyo katika majimbo 45 yenye kodi ya mauzo, na juu yake kodi za miji na wilaya, ambazo kwa jumla maeneo yake ya kutoza yapita 10,000.

Roberts aliyasema hayo katika hukumu ya South Dakota dhidi ya kampuni ya Wayfair, iliyotolewa tarehe 21 Juni 2018, akiwa upande wa walioshindwa kwa kura nne dhidi ya tano. Kabla ya hapo, hukumu ya 1992 ya kampuni ya Quill ilikuwa imeweka kwamba jimbo haliwezi kumlazimisha muuzaji akusanye kodi ikiwa hana duka, ghala wala mfanyakazi ndani ya jimbo hilo. Mnunuzi ndiye aliyepaswa kuilipa mwenyewe, na ni wachache mno waliofanya hivyo. Mimi niliyaona matokeo yake kwa macho yangu. Mtu alikuwa akiingia dukani, namfunulia kikopo cha udi, namchomea kipande kwenye chetezo, ananusa, anauliza umetoka wapi, kisha anatoka na kwenda kuagiza kwa muuzaji wa jimbo jingine ambaye hakumtoza kodi. Moshi ulikuwa wangu na mauzo yakawa ya mwingine. Kwa hiyo hukumu ya 2018 ilipoifuta ile ya Quill nilifurahi kwa dhati, na hata leo naamini kwamba chanzo chake kilikuwa haki.

Hata hivyo, mwaka uliofuata nami nikauza mtandaoni kwa tovuti yangu mwenyewe, na upande wa pili wa sheria ukanifika. South Dakota ilikuwa imeweka kiwango ambacho muuzaji wa nje akikifikia hulazimika kukusanya kodi: mauzo ya dola 100,000 kwa mwaka au miamala 200, na majimbo mengi yakaiga. Pakiti yangu ya udi ilikuwa dola 15. Pakiti 200 ni dola 3,000 tu, na kwa dola 3,000 nikajikuta nawekwa katika kundi moja na muuzaji wa dola laki moja: kujiandikisha katika jimbo ambalo sijawahi kulikanyaga, na kuwasilisha taarifa za kodi hata kwa vipindi ambavyo sikuuza kitu. Kodi yenyewe aliilipa mnunuzi, lakini usiku wa kuandika taarifa zile ulikuwa wangu, na ada ya mhasibu ikatoka katika faida ya udi. Nashukuru kwamba South Dakota yenyewe ilifuta hesabu ya miamala 200 kuanzia Julai 2023, na majimbo mengine yamefuata. California na Texas zina kiwango cha dola 500,000.

Sasa, kijana wenu wa tovuti hakusema uongo mtupu. Mkiuza kwenye tovuti yenu na hamjafikia kiwango cha jimbo, sheria haiwalazimishi kukusanya, na deni hubaki kwa mnunuzi. Lakini mtazame vizuri mnachokiepuka. Dola 5.30 ni za mteja, hazikuwa zenu hata mara moja, na kwa kuzikwepa hampati chochote zaidi ya kumpunguzia yeye, ilhali mwapoteza soko ambalo wanunuzi hulifikia bila ninyi kutangaza. Siku mkifikia kiwango, hakuna wa kuwakusanyia.

Kuna jambo la tatu lisilohusiana na kodi ya mauzo, ingawa sisi wa pwani mambo haya yote twayaita ushuru. Tangu tarehe 29 Agosti 2025 Marekani imeondoa msamaha uliokuwa ukiruhusu vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800 kuingia bila ushuru wa forodha. Huo ni wa mpakani, hutozwa kwa kufuata bidhaa na nchi ilikotengenezwa, na tovuti yenu haitauondoa. Kabla ya kutuma kifurushi kingine, muulizeni msafirishaji ni nani atakayeulipa na lini, kisha andikeni waziwazi kwenye tangazo la bidhaa.

Karani wa Hesabu, Malindi

Nakubaliana na ndugu wa New Jersey, hasa pale alipotofautisha kodi ya mauzo na ushuru wa forodha. Hapa Malindi wateja wengi wa kazi za mikono ni Waitaliano, na tofauti hiyo imewagharimu watu. Mpaka katikati ya 2021, vifurushi vya thamani isiyozidi euro 22 viliweza kuingia Ulaya bila VAT. Msamaha huo ulifutwa tarehe 1 Julai 2021, na tangu hapo kila kifurushi hutozwa, ambapo kiwango cha kawaida cha Italia ni asilimia 22. Kwa bidhaa zisizozidi euro 150, soko la mtandaoni huikusanya kodi wakati wa kuuza, na mteja hupokea mzigo wake bila kuulizwa kitu. Mchongaji mmoja ninayemwandikia vitabu vya hesabu aliuza nje ya soko, kwa makubaliano ya simu tu, sahani ya mbao kwa mwanamke wa Milano. Mzigo ulipofika alidaiwa VAT pamoja na ada ya kuushughulikia, akakataa kuupokea. Sahani ilirudi Malindi ikiwa na ufa ukingoni, na mchongaji akalipa kutuma, akamrudishia mteja fedha, akabaki na sahani isiyouzika.

Lakini Bi., mimi lililonishtua katika maelezo yako ni jambo ulilolitaja mwishoni kana kwamba ni dogo: akaunti iko kwa jina lako. Mmeshughulika na dola 5.30 ambazo si zenu, na huku Kenya kuna hesabu ambayo ni yako. Biashara yenye mauzo yanayozidi shilingi milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka huangukia kodi ya mauzo ghafi, ambayo watu huiita TOT, na kiwango chake ni asilimia 3 tangu Julai 2023. Hutolewa kwenye mauzo yote kabla ya kuondoa gharama. Kamisheni ya soko, nauli ya boti na bei ya uzi havipunguzwi. Kwa mauzo yale ya dola 200, asilimia 3 ni dola 6, kubwa kuliko hiyo iliyokukosesha usingizi.

Wanawake sita wakiuza kila mmoja kidogo, yawezekana hakuna hata mmoja anayefikia milioni. Fedha zote zikipitia akaunti moja, Mamlaka ya Ushuru ya Kenya huona jina moja lenye mauzo ya watu sita. Kwa hiyo, kabla ya tovuti na kabla ya jambo lolote, andikeni makubaliano, msajili kikundi, na akaunti iwe ya kikundi. Katika daftari iandikwe kila kofia imeshonwa na nani, imeuzwa lini, na aliyeishona amelipwa kiasi gani, kwa njia inayoacha alama, kama vile kumtumia kwa M-Pesa badala ya kumpa mkononi. Taarifa za mauzo za soko huonyesha wakati mwingine jumla aliyolipa mteja pamoja na kodi ya huko. Katika daftari lenu iingie 200, si 205.30.

VAT ya Kenya isiwatishe. Kujiandikisha ni lazima mauzo yanayotozwa yakifikia shilingi milioni 5 kwa mwaka, na bidhaa zinazouzwa nje ya nchi hutozwa asilimia sifuri. Jambo la kuangalia kwa mwenye biashara ni ankara za kielektroniki za eTIMS, mfumo wa Mamlaka ya Ushuru. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliwi mtu anapopiga hesabu ya kodi ya mapato, na ndiyo sababu mahoteli ya hapa hayataki tena kununua kwa fundi asiye nayo.

Mwenye Duka, Lamu

Nina duka la bidhaa hizihizi mjini, na nasema bila kinyongo kwa Bi. Kofia, ambaye mikono yake naijua kwa kazi yake. Mimi nalipa leseni ya kaunti na kodi ya pango kila mwezi, awe mgeni amefika au hakufika. Wauzaji wa simu tu hawana hayo. Mgeni hujaribu kofia mbele ya kioo changu, huipiga picha, kisha huniambia ataitafuta mtandaoni. Kwa hiyo ninaposikia kwamba mauzo ya mtandaoni yatozwe kama ya dukani, mimi naunga mkono, bora kiwango kiwekwe juu vya kutosha ili mshonaji asiyefikia hata milioni aachwe apumue. Jambo ninaloliogopa ni sheria kuandikwa kwa ajili ya makampuni makubwa, kisha ikamkuta kwanza aliye mdogo, kwa kuwa ndiye asiye na mhasibu.

Bi. Kofia, Langoni, Lamu

Nawashukuru nyote, na ndugu Karani nakushukuru zaidi, ingawa maneno yako yalinikosesha usingizi usiku mwingine. Jana tulikutana sita nyumbani kwangu baada ya Alasiri. Tulifungua daftari jipya, tukapiga mistari, na kila mmoja akaandika kofia zake zilizouzwa tangu Januari. Mbili hatukumkumbuka aliyezishona mpaka tulipotazama picha, na mmoja wetu akaitambua sindano yake kwa jinsi anavyomalizia ukingo. Tovuti tumeiahirisha. Wiki ijayo twaenda kuulizia usajili wa kikundi.

Mteja wa New Jersey nimemwandikia habari ya mapambo na mavazi, naye amejibu kwamba hakuwa akijua, ameomba radhi, na ameagiza kofia ya pili kwa ajili ya baba yake. Msafirishaji nimemuuliza habari ya forodha, na nangoja jibu lake kwa maandishi kabla sijaufunga mzigo, ambao Jumamosi utavuka kwa boti ya Mokowe.

Mwenye Duka, mgeni akija tena kuipiga picha kofia, tafadhali mwambie hata huko mtandaoni atamkuta mshonaji yuleyule, na kwa bei ileile ya dukani kwako. Hilo nimelipanga na wenzangu jana.