Mama kilo zinapanda na tumbo linakua ila mwili unakonda, inaweza kuwa kansa?

Binti_Kilosa:
Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Naomba mawazo yenu maana nyumbani tumeshaanza kubishana. Mama yangu ana miaka 58, hedhi ilishakata zamani. Tangu kipindi cha mavuno analalamika tumbo limejaa gesi, tukajua ni maharage, akaacha maharage, akaacha na maziwa, wapi. Sasa hivi limekuwa tumbo kabisa, sketi zake za kanisani hazifungi kiunoni na zahanati wamempima wakasema ameongezeka kilo kama 7, apunguze mafuta, wakampa na dawa ya gesi.

Kinachonitisha ni kwamba hali chakula! Matonge mawili matatu anasema kashiba, usiku anaamka kukojoa mara kibao, na juzi namsaidia kuvaa nikaona mabega yametoka mifupa, bangili aliyokuwa anaivua kwa sabuni sa hivi inadondoka yenyewe. Wanakwaya wenzake wanamwambia kapendeza kanenepa. Kaka anasema ni umri, shangazi anasema karushiwa kitu apelekwe kwa mtaalam. Mimi nawaza kansa ila ninavyojua kansa mtu anakonda, haongezeki kilo. Na mwaka jana alipima ile ya shingo ya kizazi wakasema yuko salama, sasa si inatosha?

Mtu wa Kihonda:
Pole sana dada. Wife alikuwa hivyo hivyo, jioni tumbo linajaa asubuhi limepungua, kumbe ni wale bakteria wa vidonda vya tumbo, akapewa dozi akakaa sawa. Msikimbilie kuwaza kansa, kapimeni choo kwanza.

Nesi_wa_Zamu:
Mkuu wa Kihonda, hapo umeelezea tumbo linalojaa na kupungua. La huyu mama halipungui, linaongezeka tu, ndo tofauti kubwa.

Binti nisikilize vizuri, mimi niko wodi ya akina mama. Sijamuona mama yako kwahiyo siwezi kusema ni nini, ila hayo uliyoandika, tumbo kujaa muda wote, kushiba haraka, kukojoa mara kwa mara, ukijumlisha na maumivu ya tumbo la chini kama yapo, ndo dalili zenyewe za kansa ya ovari, yaani vile vifuko vya mayai. Zinafanana na mambo ya kawaida ndo maana zinapita. Uingereza madaktari wameelekezwa mwanamke hasa wa miaka 50 na kuendelea akipata hizi dalili zaidi ya mara 12 kwa mwezi apimwe damu kipimo kinaitwa CA-125, ikija juu apigwe altrasaundi. Na mwanamke aliyevuka 50 ambaye hajawahi kuwa na shida ya tumbo, ghafla linaanza kujaa, usimpe jina la gesi kabla hujamuangalia ndani.

Kuhusu kilo, mizani haijui nyama na maji. Ovari zimekaa chini sana kwenye nyonga, uvimbe unakua kimya, ukisambaa kwenye utando wa tumbo maji yanaanza kujaa, na lita 1 ya maji ni karibu kilo 1. Kwahiyo mtu anaweza kupoteza nyama mabegani na mikononi halafu mizani ikasoma juu. Kwangu mimi hiyo bangili ina maana kuliko hizo kilo 7.

Na hapana, kipimo cha shingo ya kizazi hakitoshi, kile kinaangalia mlango wa kizazi tu, ovari hakizioni.

Mzee wa Sengerema:
Nakazia hapo kwenye maji ila tusimfungie mama kwenye kansa peke yake. Huku kwetu ziwani tumbo la maji tunaliona sana, kichocho kilichoharibu ini, homa ya ini B, moyo, figo, na TB ya tumbo. Hiyo TB usiidharau binti yangu, inaweza kujaza maji na hata CA-125 ikapanda vizuri tu watu wakaanza kulia, kumbe ni ugonjwa wa vidonge na mtu anapona. Lakini zote hizo hakuna inayotibiwa na dawa ya gesi, kwahiyo mpelekeni.

Mama Twins:
Binti nakuombea. Mama yangu mdogo ilianza hivi hivi, ndugu wakasema kalogwa, kachanjwa tumbo zima, halafu hospitali moja ndogo wakawa wanamtoa maji na kuyamwaga, anapata nafuu siku chache tumbo linarudi pale pale. Alipofika Ocean Road, ile hospitali ya kansa Dar, alikuwa ameshakatwa kinyama kikapimwa na ameshafanyiwa upasuaji kwingine, akawekwa kwenye dripu za kemo, tulikaa naye muda kidogo ila ilikuwa imesambaa. Naumia kwasababu yale maji ya mwanzo yangepelekwa maabara wangeona kitu mapema. Shangazi akitaka kumuombea amuombee, ila safari ya kwanza iwe hospitali.

Binti_Kilosa:
Jamani asanteni, nimemsomea kaka haya yote amenyamaza halafu akasema atatoa nauli, tunashuka Moro wiki hii hii. Tukifika tuseme nini? Mama mwenyewe akiulizwa anajibu "gesi tu baba" yanaisha hapo. Na dada yake mkubwa alifariki kwa kansa ya titi, sijui kama inahusiana.

Nesi_wa_Zamu:
Inaweza kuhusiana, kuna jeni zinaitwa BRCA, zikiwa na hitilafu zinaongeza hatari ya kansa ya titi na ya ovari kwenye ukoo mmoja, kwahiyo hilo la mama mkubwa liwe la kwanza kumwambia daktari. Ongea wewe sio mama, sema limeanza lini, kwamba halipungui, anashiba haraka, anakojoa sana, mikono imekonda. Usitaje gesi kabisa. Omba altrasaundi ya tumbo lote na nyonga, CA-125, na vipimo vya ini na figo. CA-125 ikija chini msishangilie mkaondoka, ugonjwa ukiwa mwanzoni karibu nusu ya wagonjwa inasoma kawaida. Wakitoa maji uliza yanapelekwa maabara kuangalia seli za kansa na TB? Wakiona uvimbe ombeni rufaa kwa dokta wa akina mama aliyezoea kansa, kama Muhimbili, asifunguliwe tumbo popote tu.

Na altrasaundi ya nyonga wanataka kibofu kijae, kwahiyo anywe maji kama lisaa hivi kabla, najua atasumbuka na mkojo ila mwambie avumilie mpaka aitwe. Ukipata majibu andika hapa hapa, nipo.